Tochi ya mezani: namna ya kuchagua ndogo ya kusomea menyu kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu

Migahawa mingi hufifisha taa usiku kwa makusudi. Mwanga hafifu hutuliza watu, huficha kasoro za ukuta, na huipa meza ya watu wawili faragha ambayo kwa kweli haipo. Shida huanza menyu inapotua mezani: herufi nyembamba za kijivu kwenye karatasi ya kaki, na mshumaa mmoja uliosogezwa pembeni kupisha sahani. Hapo wengi hutoa simu, wakawasha tochi yake, na meza tatu za jirani zikageuka kutazama kuna nini.

Tochi ndogo ya mfukoni huimaliza kazi hii kwa ustaarabu zaidi, mradi usiichague kwa vigezo vya mlinzi wa usiku. Watengenezaji hushindania ukali: lumeni elfu moja, mita mia mbili. Mezani swali ni kinyume chake: tochi hii inaweza kuwaka kwa udhaifu kiasi gani? Inayojibu swali hilo vizuri ndiyo ya kununua, hata kama dukani inaonekana ya kitoto.

Hatua ya 1: jua kama kinachokusumbua ni giza au ni miwani

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kujirekebisha kwa vitu vya karibu. Gizani hali hiyo huzidi, na sababu yake ni mboni. Mwanga ukipungua, mboni hutanuka ili ipokee mwingi zaidi. Ikishatanuka, masafa ambayo jicho huona bila ukungu hupungua. Ndiyo maana mtu wa miaka 45 anaweza kusoma gazeti mchana bila miwani, na jioni ya siku hiyohiyo akaisogeza menyu mbele, akairudisha nyuma, asiambulie kitu. Mmulikie kidogo tu: mboni inabana, na herufi zinakaa sawa. Tochi basi hufanya kazi mbili kwa mpigo, kuongeza mwanga na kupunguza ukungu, lakini hiyo ya pili ina kikomo. Kama hata mchana peupe unasoma kwa kunyoosha mkono, anza na miwani ya kusomea.

Umri una jambo jingine. Mboni za wazee hazitanuki kama zamani, na lenzi zao huwa zimeingia umanjano. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi moja tu ya mwanga unaofika kwenye retina ya kijana wa miaka 20 aliyeketi naye meza moja. Kama tochi ni zawadi ya mzazi, mpe yeye aijaribu, kwa sababu macho yako yatakudanganya.

Jaribio la nyumbani ni rahisi. Usiku, zima taa, washa mshumaa mmoja na uuweke umbali wa mkono, kisha chukua ile karatasi ya maelezo inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Ni nadra menyu kuwa na herufi ndogo kuliko hizo. Isome ukiwa na miwani, halafu bila miwani, halafu kwa mwanga wa kioo cha simu. Kama miwani peke yake imetosha, suala la tochi unaweza kuliahirisha. Kama ni mwanga uliokupa nafuu, endelea kusoma. Na kama uwezo wako wa kuona gizani umeporomoka kwa muda mfupi, au taa za mbali zimeanza kuzungukwa na duara za mwanga, mwone daktari wa macho kwanza.

Hatua ya 2: tafuta namba ya chini, si ya juu

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye tochi. Luksi hupima mwanga unaotua mahali: luksi moja ni lumeni moja iliyotandazwa kwenye mita moja ya mraba. Karatasi ya A4 ni sehemu ya kumi na sita ya mita ya mraba, na hilo linarahisisha hesabu: kila lumeni inayotua yote kwenye menyu ya ukubwa huo hutoa luksi 16. Lumeni 5 ni luksi 80. Lumeni 20 ni luksi 320. Lumeni 100 ni luksi 1,600.

Sasa linganisha na hali ya mezani. Mshumaa wa kawaida ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye karatasi hutoa luksi 11 hivi. Usogeze hadi sentimita 60 na zinabaki kama 3, kwa sababu umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaotua hubaki robo. Kwenye ofisi, wanakosoma na kuandika kutwa, hulengwa luksi 500. Menyu haisomwi kutwa. Luksi 50 hadi 100 zinamtosha mwenye macho mazuri, na 200 hadi 300 zinamtosha mtu mzima aliyekwenda umri. Kwa lugha ya tochi, hizo ni lumeni 3 hadi 6 kwa wa kwanza na 12 hadi 20 kwa wa pili. Basi, si zaidi.

Kuzidisha nako kuna gharama. Macho huchukua dakika 20 hadi 30, wakati mwingine zaidi, kuzoea giza kikamilifu, na karatasi nyeupe yenye luksi 1,600 hulivuruga zoezi hilo lote kwa sekunde chache. Ukizima, sahani na nyuso za wenzako zinakuwa vivuli, nawe unawasha tena. Mwenye tochi kali huishia kuitegemea kwa kila kitu, hata kutafuta uma.

Kwa hiyo ukisoma maelezo ya bidhaa, ruka mstari wa juu wenye namba kubwa ushuke hadi kwenye jedwali la viwango vya mwanga. Tafuta tochi ambayo kiwango chake cha chini ni lumeni 5 au pungufu, na cha kati kiko baina ya 10 na 30. Cha juu kikifika 100 si vibaya. Kitakufaa nje, au kwenye ngazi yenye giza ya kuelekea msalani. Viwango vya chini ya lumeni moja, ambavyo watengenezaji hupenda kuvipa majina ya mbalamwezi au ya vimulimuli, vinafaa kuchungulia ndani ya mkoba, ila kwa kusoma ni hafifu mno kwa wengi wetu. Tochi yenye kiwango kimoja tu nayo inafaa, mradi isizidi lumeni 20 hivi. Bidhaa ambayo haitaji popote kiwango chake cha chini, achana nayo.

Maelezo yakifuata FL1, utaratibu wa pamoja wa kupima tochi uliotolewa Marekani mwaka 2009, unaweza kulinganisha tochi za kampuni tofauti. Kwa utaratibu huo lumeni hupimwa baada ya tochi kuwaka angalau sekunde 30, na muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyoanza. Umbali nao hupimwa hadi pale panapobaki robo ya luksi, sawa na usiku wa mwezi mpevu. Namba hiyo ya mita usiihangaikie. Kwenye tochi ya mezani, mita chache ni sifa.

Bado kuna swali ambalo wanunuzi wengi hulikuta mezani: kiwango kipi kinawaka kwanza? Tochi ya viwango vitatu inayoanza na kile cha juu imefeli, hata kama cha chini chake ni kizuri ajabu, kwa sababu kila ukiiwasha utaangaza ukumbi kabla ya kufika unakotaka. Iwe inaanza chini. Zile zinazokumbuka kiwango cha mwisho zinakubalika, lakini ukiitumia nje wakati wa kuegesha gari, kumbuka kuishusha kabla hujaingia ndani.

Hatua ya 3: mwanga mpana usio na doa

Tochi nyingi zimeundwa zipige mbali. LED, yaani chipu ndogo inayotoa mwanga, hukaa ndani ya kikombe kinachong'aa, nacho huukusanya mwanga kuwa doa kali katikati na weupe hafifu pembeni. Menyu iko sentimita 30 tu kutoka usoni, na tochi iko karibu nayo zaidi ya hapo, hivyo doa linabaki dogo kama kizibo cha chupa, nawe unalisukuma neno kwa neno. Unachotaka ni duara pana lenye mwanga sawasawa kuanzia katikati hadi ukingoni.

Itazame tochi kichwani, ikiwa imezimwa. Kikombe laini kinachong'aa kabisa hutoa doa kali. Chenye uso wa vinundu vidogo hulainisha doa hilo kidogo. Lenzi nene ya plastiki iliyojaa kichwa kizima, hasa ikiwa uso wake una vishimo au ukungu, kwa kawaida hutoa mwanga mpana na mtulivu. Zipo pia tochi ambazo LED yake iko wazi nyuma ya kioo kitupu, bila kikombe wala lenzi. Hizo humwaga mwanga kila upande, na kwa kusoma karibu sijaona zinazozishinda, ingawa zinataka mkono wenye adabu kwa sababu jirani naye hupata fungu lake.

Tochi za kuvuta kichwa, zile unazosogeza lenzi mbele na nyuma, zikipanuliwa hutoa duara safi sana. Tatizo lao ni unene wa kichwa, na kwamba nyingi huanzia kiwango cha juu.

Kama tochi unayoipenda ina doa kali, si lazima uiache. Kata kipande cha duara cha seloteipu ya ukungu, ile ambayo haionekani ikibandikwa kwenye karatasi, ukibandike juu ya kioo. Tabaka moja hulainisha, mawili hutawanya kabisa na kupunguza mwanga pia. Usiiache ikiwaka kiwango cha juu kwa muda mrefu ikiwa na kipande hicho, kwa sababu kichwa hupata moto na gundi huyeyuka kwenye kioo.

Hatua ya 4: rangi ya mwanga

Mwanga mweupe wa LED huanza ukiwa wa buluu. Chipu ya buluu hufunikwa kwa fosfori ya njano. Sehemu ya buluu hupenya, sehemu hubadilishwa, na jicho huuona mchanganyiko huo kuwa mweupe. Kazi ya kupata LED ya buluu inayofaa ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa mnunuzi wa tochi, kinachojalisha ni uwiano. Buluu ikiachwa ipite kwa wingi, tochi hutoa lumeni nyingi zaidi kwa umeme uleule, na ndiyo maana tochi zinazouzwa kwa namba kubwa huwa na mwanga baridi wenye ubuluu.

Rangi hiyo hupimwa kwa kelvini. Mshumaa uko karibu na 1,900, balbu za zamani za uzi karibu na 2,700, mwanga wa mchana kati ya 5,500 na 6,500. Ukiwasha tochi ya kelvini 6,500 kwenye chumba chenye mishumaa, inaonekana ya buluu kabisa, na jicho la kila mtu huivamia hata kama ni lumeni 5 tu. Ya kelvini 2,700 hadi 4,000 hupotea ndani ya mwanga uliopo. Nikilazimika kuchagua kati ya tochi yenye ukali sahihi na rangi mbaya, na nyingine yenye rangi sahihi na ukali uliozidi kidogo, naichukua ya pili. Ukali unaweza kuupunguza kwa seloteipu.

Kipo kipimo kingine, CRI, kinachoonyesha jinsi rangi za vitu zinavyobaki kweli chini ya mwanga huo. Kilele ni 100. LED za kawaida huwa kati ya 70 na 80. Kwa herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe hakina uzito wowote. Kina uzito unapotaka kuona kama nyama imeiva hadi ndani, au kutofautisha vidonge viwili vya rangi zinazokaribiana kabla ya kumeza. Hapo tafuta 90 kwenda juu. Alama hiyo ni wastani wa rangi nane zilizopauka, na wekundu uliokolea haumo; huo huandikwa peke yake kama R9. Muuzaji anayetaja R9 kwa kawaida anajua anachouza. LED ya Nichia 519A ni mfano wa zinazosifika kwa uaminifu wa rangi, na jina hilo ukiliona kwenye maelezo, kigezo hiki umekimaliza.

Tochi nyekundu? Ni kweli mwanga mwekundu hauharibu sana mazoea ya macho gizani. Lakini maandishi mekundu kwenye karatasi nyeupe hutoweka chini yake, na mara nyingi ndiyo yenye tahadhari unayotaka kuisoma. Nyeupe yenye joto, iliyo dhaifu, inatosha.

Hatua ya 5: swichi

Swichi ya nyuma ya kubonyeza hulia "ta!" na kwenye ukumbi mtulivu mlio huo unasikika. Kitufe laini cha ubavuni hakilii, ila hujiwasha kirahisi mfukoni, na tochi iliyowaka kiwango cha juu ndani ya mfuko hupata joto la kukera. Ninayoipenda zaidi ni ya kuzungusha kichwa: kimya, ukikaza kidogo inawaka chini, ukilegeza na kukaza tena inapanda. Mapungufu yake ni kwamba mara nyingi inataka mikono miwili, na mwenye baridi yabisi kwenye vidole ataihangaikia. Huyo mchukulie ya kubonyeza na kushikilia, inayozima yenyewe kidole kikiachia.

Epuka yoyote ambayo ili kuizima lazima upitie mwanga wa kupepesa. Ni kero kwa kila aliyemo, na kwa mtu mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga ni hatari.

Hatua ya 6: betri, na umbo linalofuata betri

Betri ndiyo inayoamua unene na urefu wa tochi, kwa hiyo viangalie pamoja.

AAA moja ina kipenyo cha milimita 10.5 na urefu wa milimita 44.5, na tochi yake huwa na urefu wa kidole cha kati hivi. Kwa watu wengi nashauri hii. AAA mbili zilizopangwa kwa kufuatana huleta tochi yenye umbo la kalamu, ambayo kwa kushika juu ya menyu ni tamu kuliko zote, ila ni ya mfuko wa shati au mkoba. Kwenye suruali itakuchoma kila ukikaa. AA moja ni nene zaidi na haina ubaya kwa mwenye mkoba.

Vitochi vya kwenye funguo hutumia betri bapa kama CR2032 ya volti 3. Ni vyepesi, na ukali wake mara nyingi ni ule tunaoutaka. Kama nyumbani kuna watoto wadogo, kuwa mwangalifu sana: betri bapa ikimezwa na kunasa kooni inaweza kuunguza tishu ndani ya saa mbili. Chagua kitochi ambacho kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu, na betri zilizochoka usiziache mezani.

Za kuchaji kwa USB ni rahisi kuishi nazo, lakini betri ya ndani ikifa baada ya miaka kadhaa, nyingi haziruhusu kubadilisha. Tena tochi inayotumika dakika chache kwa mwezi ndiyo ile inayosahaulika kuchajiwa.

Matumizi hayo madogo yana mtego mwingine. Kwa lumeni 5, AAA moja hudumu saa nyingi sana, maana yake betri ya alkalini itazeeka na kuvuja kabla hujaimaliza. Majimaji yake hula mgusano na kukwamisha betri ndani ya mwili wa tochi. Tumia betri za NiMH za kuchajiwa, zile zinazotunza chaji muda mrefu, au za lithiamu za volti 1.5 zisizochajiwa, ambazo hazivuji kirahisi na hukaa miaka. Usizichanganye hizo na betri ya kuchajiwa iitwayo 10440: ina ukubwa uleule wa AAA lakini hutoa volti 3.7, na tochi isiyoandikwa kwamba inaipokea inaweza kuungua.

Mambo madogo ya umbo. Klipu yenye midomo miwili inayoelekea pande tofauti inakuwezesha kuibana tochi kwenye ukingo wa menyu na mikono ikabaki huru. Mwili mweusi au wa kijivu usiong'aa haurudishi mwanga wa mishumaa. Kinga ya maji ya IPX4, yaani mnyunyizo kutoka upande wowote, inatosha kwa glasi iliyopinduka.

Hatua ya 7: ijaribu siku ileile unayoipata

Fanya hivi usiku, muda wa kuirudisha ukiwa haujapita. Rudi kwenye mshumaa wako na ile karatasi ya dawa. Washa tochi kwa kiwango cha chini, sentimita 15 kutoka kwenye karatasi. Je, duara linafunika angalau nusu ya ukurasa? Unasoma mstari wa mwisho bila kuisogeza? Kisha izime na uangalie chumba. Kama unakiona karibu sawa na ulivyokiona mwanzo, ukali ni sahihi. Kama umebaki na doa la kijani linaloelea machoni, umezidisha.

Halafu pima kutetemeka. Baadhi ya tochi hupunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima haraka badala ya kupunguza umeme, na baadhi ya watu hupata kichwa kuuma kwa kusoma chini yake. Pitisha kalamu haraka mbele ya mwanga, kushoto na kulia. Ukiona kivuli kimoja chenye ukungu, sawa. Ukiona kalamu nyingi zilizotengana, inatetemeka. Kamera ya simu nayo huonyesha mistari ya giza inayotembea kwenye kioo.

Mwisho iweke mfukoni pamoja na funguo, tembea, kaa, inama. Ikijiwasha, jaribu kulegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko. Kwenye tochi nyingi za alumini hilo hukata umeme kabisa. Kama haikati na bado inajiwasha, irudishe.

Hatua ya 8: mezani

Funika kioo kwa kidole gumba kabla ya kuwasha. Nyama ya kidole itang'aa nyekundu, na hapo utajua imewaka kiwango kipi kabla mtu mwingine hajajua. Elekeza kwenye karatasi, kisha legeza kidole polepole.

Menyu isimamishe imeegemea kwako, mgongo wake ukiwatazama walio mbele yako. Tochi ishike kwenye ukingo wa juu, ikiangalia chini. Mwanga huruka kwa pembe ileile uliyoingilia, kwa hiyo ukitoka juu kushuka, unaorudi na unaopita pembeni vyote huishia mapajani mwako. Watu wengi hufanya kinyume: huilaza menyu mezani na kumulika kutoka kifuani kwenda mbele. Kama karatasi imevikwa plastiki, mng'ao wake huruka moja kwa moja hadi usoni mwa aliyeketi upande wa pili, na hata lumeni 10 zinamkera. Plastiki hiyo ikikurudishia mng'ao wewe mwenyewe, usiongeze mwanga. Inamisha menyu nyuzi chache, mng'ao utahama.

Soma, amua, zima. Mhudumu akifika, tochi iwe imeshazimwa au imefunikwa na kiganja, maana ukimgeukia huku inawaka utammulika machoni naye ana trei mkononi. Bili nayo ikague kwa mtindo uleule: iweke ndani ya kijalada chake kilichofunguliwa nusu, tochi juu, mwanga chini. Karatasi za bili huchapwa kwa joto na maandishi yake mara nyingi huwa yamepauka, kwa hiyo hapa unaweza kupanda kiwango kimoja.

Na siku umeisahau nyumbani, kabla ya kukimbilia tochi ya simu, fungua ukurasa mweupe kwenye kioo cha simu, punguza mwangaza kidogo, uishike simu juu ya menyu ikiangalia chini. Ni taa pana na laini isiyofika meza ya pili. Au piga picha ya menyu bila flashi, kisha uikuze kwenye kioo chini ya ukingo wa meza. Ukilazimika kutumia tochi ya simu yenyewe, simu nyingi zina kitelezi cha kupunguza ukali wake, ukibonyeza alama ya tochi na kushikilia. Unaweza pia kumwomba mhudumu, kwani wengi wao hutembea na kitochi mfukoni. Mshumaa usiuinamishe juu ya karatasi: nta hudondoka, na menyu ya kaki hushika moto upesi.